Mlima wa moto ukivaa barafu, ogopa maji

Nikitaja kwamba nimewahi kukaa Iceland, watu wa hapa Naivasha huuliza jambo moja: uliona moto? Wanataka video ya mto mwekundu ukimeza nyumba. Sina. Nina picha za mchanga mweusi unaokwenda mpaka macho yachoke, na za vyuma vya daraja vilivyokunjwa na kuachwa kando ya barabara. Nikianza kueleza kwamba vyuma vile ni kazi ya volkano, wengi wanarudi kwenye simu zao. Basi naandika. Asiyetaka kusikiliza atasoma siku akiwa na nafasi.

Kazi yangu ni visima vya mvuke, pale Olkaria. Ndiyo iliyonipeleka Iceland. Umoja wa Mataifa ulianzisha kule mafunzo ya nishati ya mvuke tangu 1979, na Wakenya ni miongoni mwa waliopita hapo kwa wingi kabisa. Kozi ni ya miezi sita: darasa, maabara, hesabu mpaka kichwa kiume, na katikati safari ya kusini. Mwalimu wetu alikuwa na mvi kichwa kizima, na kule kila mtu huitwa kwa jina lake la kwanza, hata rais. Mdomo wangu ulikataa. Nilimwita Mzee mpaka mwisho, naye akazoea.

Kabla ya safari hiyo lazima nitaje Aprili 2010, maana hiyo hata asiyejua volkano ni nini hapa kwetu anaikumbuka. Ndege za kwenda Ulaya zilisimama. Waridi lilikatwa, likafungwa, likajaa kwenye vyumba vya baridi, halafu likaenda kumwagwa. Mama mdogo alikuwa akifanya kazi kwenye banda la kupanga maua. Walirudishwa nyumbani bila malipo, wakaambiwa kuna mlima umelipuka huko Ulaya. Hakuamini hata kidogo. Alisema mabosi wamechoka kulipa, wametafuta mlima wa kusingizia.

Mlima ulikuwepo. Unaitwa Eyjafjallajökull, na siwezi kukufundisha kulitamka kwa maandishi. Kinachonivutia ni kwamba mwaka huo ulilipuka mara mbili kwa mfululizo, mara ya kwanza nje ya barafu na mara ya pili chini yake. Ungetaka kuonyesha kazi ya barafu usingepata jaribio safi kuliko hilo.

Tarehe 20 Machi ardhi ilipasuka ubavuni, mahali paitwapo Fimmvörðuháls, kwenye uwazi kati ya makuba mawili ya barafu. Lava ya basalti, ile inayoganda kuwa jiwe jeusi, iliruka juu, ikamwagika makorongoni, na watu wakapanda kwenda kuitazama kana kwamba ni maonyesho ya kilimo. Ulaya iliendelea na shughuli zake. Tarehe 12 Aprili pakanyamaza. Tarehe 14 Aprili mlima ukafunguka tena, safari hii kileleni, chini ya barafu yenye unene wa mita 200 hivi, na kila kitu kikabadilika.

Kwanza yalishuka maji. Mto Markarfljót ulifurika, watu wapatao 800 wakahamishwa, na mafundi wa barabara wakaleta mashine wakaikata barabara kuu wao wenyewe ili maji yapate njia ya pembeni na daraja lisalimike. Lilisalimika. Hebu fikiria mtu apige simu ofisi ya barabara ya kwetu aombe ruhusa ya kuchimbua lami nzima, na jibu lipatikane kabla maji hayajafika.

Baada ya maji, majivu. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka kabla haujamwagika nje, ile ya kileleni ilikuwa nzito na yenye gesi nyingi kuliko ile ya ubavuni, na hiyo ni sehemu ya sababu. Sehemu nyingine ni maji ya barafu. Magma inayozidi nyuzi 1,000 ikiguswa na maji baridi huganda papo hapo na kupasuka, nayo ikiganda kwa kasi hiyo huwa kioo. Kwa hiyo yale majivu yalikuwa na vumbi laini sana la kioo, jepesi la kupeperushwa mpaka Ujerumani. Injini ya jeti ikilivuta, linayeyuka ndani na kugandia kwenye mapanga. Ndiyo maana anga ilifungwa karibu wiki nzima, safari za ndege zipatazo laki moja zikafutwa, na mama mdogo akakaa nyumbani.

Sasa niingie kwenye kitu ninachokijua kwa mikono yangu, yaani presha. Hapa Naivasha, kwa sababu tuko juu, maji ya chai huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Chini ndani ya kisima, mahali ambapo uzito wa maji yaliyo juu umekandamiza, maji yanaweza kupita nyuzi 250 yakabaki maji. Fungua vali, presha ishuke, na yale maji yanageuka mvuke kwa kishindo ambacho usipovaa vizuia sauti masikio hayatakusamehe. Aliyewahi kusimama karibu na kisima kikifunguliwa ameshaelewa nusu ya volkano za barafu.

Barafu ya mita 500 inakandamiza kilicho chini yake kwa bari 45 hivi, yaani karibu mara 45 ya mkandamizo wa hewa ya pwani. Lava ikitoka chini ya uzito huo, mvuke hauna nafasi ya kutanuka, kwa hiyo mlipuko hauji. Lava inatoka polepole, inapata ngozi ya kioo, inavimba kuwa mabonge ya mviringo yanayolaliana, sawasawa na yale ya chini ya bahari. Wakati huohuo joto linafanya kazi yake: mita moja ya ujazo ya basalti iliyoyeyuka ina joto la kuyeyusha zaidi ya mita 10 za ujazo za barafu. Na kwa vile maji huchukua nafasi ndogo kuliko barafu iliyoyazaa, kule juu uso wa barafu unazama na kuwa bakuli kubwa lenye nyufa za duara. Rubani anayepita huona bakuli hilo kabla mtu yeyote hajaona moshi. Kadiri mlima unavyokua na barafu inavyopungua, presha inashuka, na hapo milipuko inaanza. Mwishoni kilele kikitokeza juu ya maji, lava inatiririka kama lava ya kawaida na kutandaza kifuniko kilicho bapa.

Zama za barafu zikishapita na barafu ikaondoka, kinachobaki ni mlima wenye kuta zilizosimama na kichwa bapa, unaosimama peke yake bila sababu ya kuonekana. Herðubreið, kule nyanda za juu za Iceland, una mita 1,682 na umbo hilo hasa. Kanada nako wapo, na mmoja wao, Tuya Butte, ndio uliompa mwanajiolojia Bill Mathews jina la aina nzima ya milima hii mwaka 1947. Ukijua urefu wa kifuniko bapa unakadiria unene wa barafu ya wakati ule. Hilo lilinifurahisha kuliko lilivyowafurahisha wenzangu.

Mzee alitupa kipande cha jiwe litokanalo na majivu hayo ya kioo, Waisilandi huliita móberg. Ni la kahawia lenye rangi ya manjano kidogo, na ukilisugua kwa kidole gumba linaachia punje. Ndani yake kuna vipande vyeusi vyenye kona kali vinavyong'aa ukiligeuza kwenye mwanga. Yale yanayong'aa ni lava ambayo haikupata muda wa kuwa jiwe. Rangi ya kahawia imetokana na maji ya moto yaliyopita na kukibadilisha kioo taratibu. Sisi Olkaria huwa tunachambua vipande vya miamba vinavyopandishwa na mtambo wa kuchimba tukitafuta dalili za namna hiyohiyo, ili tujue kulikuwa na joto kiasi gani, kwa hiyo nilikaa nalo mkononi mpaka dereva akapiga honi.

Safari ya kusini ilitufikisha Skeiðarársandur. Ni tambarare ya mchanga mweusi na changarawe kati ya barafu ya Vatnajökull na bahari, na barabara kuu inayozunguka kisiwa inapita katikati yake. Kipande hicho ndicho kilichochelewa kuliko vyote, barabara ikakamilika 1974 tu, kwa sababu hakuna mhandisi aliyetaka kujenga daraja mahali ambapo mto huja na kuondoka na dunia yote.

Jioni ya 30 Septemba 1996 ufa ulifunguka chini ya Vatnajökull, sehemu ambayo sasa inaitwa Gjálp, kwenye barafu yenye unene wa mita 500 hadi 750. Moto ulihitaji saa 30 hivi kutoboa mpaka juu. Kwa mtu wa video, hapo ndipo filamu inapoanzia, nguzo ya majivu juu ya weupe. Lakini jambo lenyewe lilikuwa likiendelea gizani. Maji yaliyoyeyuka hayakutoka nje. Yaliteremka chini kwa chini mpaka kwenye ziwa la Grímsvötn, ambalo liko ndani ya kreta ya volkano nyingine na limefunikwa na barafu, na humo yakajikusanya. Ziwa likapanda siku baada ya siku. Mlipuko ulikwisha katikati ya Oktoba, maji bado yamo. Nchi nzima ilijua kitakachotokea, isipokuwa siku. Barabara ikafungwa, watu wakasubiri.

Kinachozuia ziwa lile ni barafu, na barafu huelea. Maji yakizidi kimo fulani yanainua ukuta unaoyazuia, yanapenya chini yake, na kwa kuwa yana joto yanajichimbia njia inayozidi kupanuka. Yalipopata mwanya yalisafiri kilomita 50 chini ya barafu kwa saa kumi na kidogo. Asubuhi ya 5 Novemba yakatokeza tambarare.

Mto Kongo, huo mkubwa tunaoujua, hupitisha wastani wa mita za ujazo 41,000 kwa sekunde. Mafuriko yale yalipofikia kilele yalipita 45,000, tena kwenye mito ambayo siku ya kawaida unaitazama ukajiuliza daraja refu hivi la nini. Zaidi ya kilomita 3 za ujazo za maji zilipita kwa muda wa siku mbili, zikibeba mapande ya barafu makubwa kuliko nyumba. Daraja la Gígjukvísl, mita 376, lilitoweka. Lile refu zaidi la Skeiðará liling'olewa kipande. Hakufa mtu hata mmoja, kwa sababu hakuna anayeishi pale na barabara ilikuwa imefungwa mapema.

Vyuma nilivyosema viko hapo kando ya barabara, mabaki ya daraja. Ni boriti nene, zile ambazo kuzibeba unaita kreni. Zimepindishwa na kusokotwa. Nilitafuta mahali pa kukatika nikaona matundu ya bolti yamevutwa mpaka yakawa marefu kama jicho, chuma kimekunjamana pembeni yake. Kutu imekula juu, lakini ndani ya mikunjo bado kuna rangi. Tambarare yenyewe ina mashimo ya duara hapa na pale. Mapande ya barafu yalizikwa na mchanga, yakayeyuka baadaye, na ardhi ikazama. Kondoo walikuwa wakila nyasi kwenye shimo mojawapo, hawana habari.

Tulilala Vík, kijiji cha pwani chini ya kuba la Mýrdalsjökull. Ndani ya kuba hilo imelala Katla, na kila mtu wa Vík ana maoni juu ya Katla kama sisi tulivyo na maoni juu ya wanasiasa. Mara ya mwisho kutoboa barafu ilikuwa 12 Oktoba 1918. Mafuriko yake yanakadiriwa kufikia mita za ujazo 300,000 kwa sekunde, zaidi ya mara sita ya yale ya 1996. Yalishusha mchanga mwingi kiasi cha kusogeza pwani ndani ya bahari kwa kilomita kadhaa, na ncha ya kusini kabisa ya Iceland ikahamia hapo. Bahari imekuwa ikiila polepole tangu siku hiyo.

Mpango wa Vík hauna mbwembwe. Ujumbe unaingia kwenye kila simu iliyo eneo hilo, na wewe unapanda kilimani kanisani. Basi. Hakuna anayekuambia ukimbie lava, kwa sababu lava haitafika. Unakimbia bonde. Julai 2011 maji kutoka chini ya kuba hilohilo yaling'oa daraja la mto Múlakvísl, mashariki kidogo ya kijiji, na juu ya barafu hapakuonekana moto wowote.

Wapo watakaosema mambo hayo ni ya ncha ya dunia. Mlima Nevado del Ruiz uko Kolombia, karibu na ikweta kama sisi. Tarehe 13 Novemba 1985 ulilipuka kwa kiasi kidogo tu na kuyeyusha takriban sehemu moja ya kumi ya barafu yake. Matope yaliteremka mabondeni kwa zaidi ya saa mbili mpaka mji wa Armero. Watu wapatao 23,000 walikufa usiku ule. Ramani ya hatari ilikuwa imeshachorwa mwezi uliotangulia, na saa mbili ni muda wa kutosha mtu kutembea kwa miguu mpaka mlimani. Hili huwa silielezi kwa utani.

Kusini kabisa, Antaktika, kuna aina nyingine ya tabia. Mlima Erebus, mita 3,794, ulionekana na nahodha Mwingereza James Clark Ross akiwa baharini mwaka 1841, ukifuka katikati ya weupe. Kileleni una ziwa la lava ambalo limejulikana tangu 1972 na bado linachemka. Wenzetu wa Goma wanajua maana ya kuishi na ziwa la namna hiyo, maana Nyiragongo ni ndugu yake kwa tabia, na waliona Mei 2021 linapopasua ubavu na kumwagika. Erebus haina Goma chini yake. Gesi yake hutoka pia kupitia nyufa za ubavuni, mvuke unaganda ukikutana na baridi, na inajengeka minara ya barafu yenye uwazi ndani, na chini ya ardhi mapango ya barafu ambayo mtu anaweza kuvua koti.

Na hapa ndipo nilipoacha kuandika noti nikamwinulia Mzee mkono. Jiwe la Erebus ni jeusi lenye fuwele kubwa nyeupe za pembe nne zilizolala ndani yake. Aina hiyo inaitwa kenyte. Mwanajiolojia J. W. Gregory aliipa jina hilo mwaka 1900 kutokana na mawe ya Mlima Kenya, na Kilimanjaro nako ipo. Kibanda alichojenga mvumbuzi wa Antaktika Shackleton mwaka 1908 pale Cape Royds, pembeni ya koloni la pengwini, kimekaa juu ya jiwe lenye jina la Kirinyaga, yaani Mlima Kenya wetu. Wenzangu kutoka nchi nyingine walichoka nami siku hiyo.

Kisiwa cha Deception, upande wa pili wa Antaktika, kinafanana zaidi na Iceland. Ni volkano iliyozama katikati, meli huingia ndani yake kwa mlango mwembamba. Desemba 1967 ililipuka na kuharibu kituo cha Wachile. Februari 1969 ufa ulifunguka chini ya barafu yake, na kituo cha Waingereza kikapigwa na matope ya maji ya barafu. Unaona mambo ni yaleyale.

Chini ya barafu ya Antaktika Magharibi, mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walihesabu volkano 138, na 91 kati yake hazikuwa zinajulikana. Nyingi zimefunikwa na barafu yenye unene wa kilomita na zaidi. Haimaanishi ziko hai zote. Mmoja tunajua ulitoboa miaka 2,200 hivi iliyopita, kwa sababu rada ya ndege ilikuta tabaka la majivu limezikwa ndani ya barafu, kimya, likisubiri mtu apite na mashine.

Kinachonisumbua mimi si idadi. Ni ile vali. Barafu ni uzito, na uzito ukiondolewa presha inashuka hata huko chini ambako magma inatengenezwa. Zama za barafu zilipokwisha, Iceland ililipuka mara nyingi mno kuliko leo, makumi ya mara. Sasa Vatnajökull inapungua tena, na vipimo vya satelaiti vinaonyesha ardhi ya pembeni yake inainuka zaidi ya sentimita 2 kila mwaka.

Grímsvötn imeshatuonyesha kwa udogo. Mwishoni mwa Oktoba 2004 ziwa lilifumua maji yake kama kawaida yake, mzigo ukapungua juu ya kreta, na tarehe 1 Novemba volkano ikalipuka. Maji yalitangulia, moto ukafuata. Ndiyo maana siku hizi ziwa likianza kutoka, watu wa hali ya hewa wa kule hawasubiri moshi. Vifaa vya GPS vilivyosimikwa juu ya barafu vinaonyesha inazama, wengine wanapima mtoni kama maji yameanza kubeba chumvi za volkano, na harufu ya yai viza, ambayo mimi huirudisha nyumbani kwenye ovaroli kila jioni, huko ni taarifa ya dharura. Desemba 2021 maji yalitoka, wakapandisha rangi ya tahadhari ya ndege mpaka ya chungwa. Volkano haikulipuka. Wakaishusha.